Siwema na Kamati ya Usindikizaji

Sogeeni karibu. Mwenye mtoto ampakate, mwenye chungu jikoni apunguze moto, maana habari yenyewe ni ndefu kidogo na inahusu serikali.

Nchi yenyewe siitaji jina. Si kwamba naogopa. Ni kwamba huko kutaja jina la nchi ni kwa kibali, na ofisi ya vibali imehamia jengo jipya, na jengo jipya halijajengwa. Basi tuiite nchi tu. Ina bendera, ina wimbo, ina Chuo Kikuu cha Taifa, na ina Waziri wa Elimu ya Juu na Mambo Yasiyoshuka. Hivyo ndivyo vitu vya muhimu.

Wapo wanaosema nchi hiyo ina urasimu. Hao hawajawahi kulipa ada. Kulipa ada katika Chuo Kikuu cha Taifa ni raha tupu! Wiki ya kulipa husimamishwa mahema, viti vikavalishwa vitambaa vya kung'aa, na spika zikafungwa juu ya miti. Kila ukigeuka kuna dirisha la kulipia. Ukikosa dirisha kuna wakala chini ya mwavuli. Ukimkosa wakala kuna mtu mzima na heshima zake anayepita kwa baiskeli akinadi, "Ada! Ada jamani, ada!" kama muuza dagaa. Ukishalipa unapewa risiti na soda baridi, na watu usiowajua wanakupigia makofi.

Dirisha la kurudishiwa ada nalo lipo, tusiwasingizie watu. Liko ukuta wa nyuma wa jengo la utawala. Limechorwa kwa rangi ya mafuta na msanii hodari sana, ambaye hakusahau hata vumbi la kwenye kioo, na kwa ndani akachora karani anakunywa chai. Kazi safi mno. Kuna watu wamepanga foleni pale tangu asubuhi, wakaondoka jioni wakisema karani ana dharau.

Sera nayo ipo, tena ya haki. Anayeacha masomo kabla hayajaanza hurudishiwa ada yote, isipokuwa huwezi kuacha kitu ambacho hujakianza. Anayeacha yakishaanza hurudishiwa nusu, ila kipindi hicho ofisi hufungwa ili wafanyakazi wapumzike na uchovu wa kupokea. Anayeacha baada ya hapo hurudishiwa "kwa kadiri ya utu wa Chuo."

Siwema aliangukia hapo kwenye utu.

Siwema alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mwembamba, mcheshi, mwenye mtoto mgongoni. Mtoto aliitwa Riziki, na wakati huo alikuwa na meno mawili na maoni mengi. Baba Riziki alikuwa mbali kwenye mashamba ya mkonge, akituma alichoweza. Ada ya mwaka mzima ilitoka kwa mama yake Siwema, ambaye aliuza cherehani yake, ile iliyomlea Siwema mwenyewe, akasema, "Mashine itapatikana nyingine. Nenda kasome, mwanangu."

Akaenda. Lakini Chuo na Riziki hawakupatana. Mlezi wa bweni alimtazama mtoto kwa makini, akauliza cheti chake cha kidato cha nne kiko wapi. Siwema akasema hana. Mlezi akasikitika, akasema basi hana sifa za kulala bwenini. Siwema akapanga chumba nje, akawa anamleta Riziki darasani. Siku moja katika somo la Utangulizi wa Utangulizi mtoto alilia kwa sauti ya juu, na profesa, ambaye hainui macho anaposoma, akajibu, "Swali zuri, tutalifikia mwishoni mwa muhula."

Siwema alikonda. Ndipo akasikia kwamba karibu na kwa mama yake kuna Chuo cha Jioni, kinachofundisha ualimu wa watoto wadogo kwenye madarasa ya shule ya msingi, watoto wakishakwenda nyumbani. Mchana angekuwa na Riziki, jioni Riziki angekuwa na bibi yake. Akaenda kuuliza. Mwalimu Kijazi, mwenye chuo hicho, alimpokea vizuri.

"Nafasi imebaki moja, mama Riziki," alimwambia. "Nakushikia mpaka Ijumaa jioni. Zaidi ya hapo siwezi, kuna mwenzio ananipigia simu kila siku na ana hela mkononi."

Na Siwema hakuwa na hela mkononi. Hela zake zote zilikuwa Chuo Kikuu cha Taifa. Kwa hiyo ilimbidi akaziombe, tena zirudi zikiwa hazijachoka sana, na zirudi kabla ya Ijumaa kuisha. Hakuwa na lingine alilolitaka duniani wiki ile.

Idara ya Wanaoondoka ina ofisi nzuri kuliko zote chuoni, kwa sababu haina wateja. Mkuu wake alikuwa Dakta Mazoea Kipupwe, mtu mnene, mpole, mwenye suti ya rangi ya maziwa ya mgando. Siwema alipoingia, Dakta alisimama kwa mshangao, maana alikuwa amezoea kusimama kwa mawaziri tu.

"Shikamoo, Dakta."

"Marahaba, binti yangu. Umepotea? Kantini ni kule."

"Sijapotea. Nataka kuacha masomo, nirudishiwe ada yangu."

Dakta Mazoea alikaa chini taratibu. Akatoa kitambaa, akajifuta macho. "Bi Hidaya!" akaita. "Njoo uone. Amekuja!"

Bi Hidaya, mtunza fedha wa idara, akatokea mlangoni na sindano zake za kufumia. "Nani?"

"Anayeondoka! Tumempata mmoja!"

"Alhamdulillahi," akasema Bi Hidaya. "Nilishaanza kuogopa watatufutia idara."

Dakta akafunga vifungo vya koti, akakohoa, akasimama tena. Akiwa na jambo zito hawezi kulisema amekaa.

"Binti yangu, itifaki ikiwa imezingatiwa. Sisi tulikwenda ng'ambo, timu nzima, pamoja na wake zetu kwa ajili ya ulinganisho, kuchunguza wenzetu wanarudishaje ada. Unajua tulikuta nini? Tulikuta mtu anasema naondoka, wanamhesabia pesa zake, wanampa, anakwenda zake! Basi! Hakuna pole, hakuna karibu tena, hakuna hata mtu wa kumfikisha njia panda. Nililia, binti yangu. Nililia hotelini. Nikasema, sisi nyumbani mgeni akitoka tunamsindikiza. Hata awe mgomvi wetu tunamsindikiza. Itakuwaje msomi aondoke kama paka? Ndipo nikaandika, kwa mkono wangu huu, Sera ya Usindikizaji."

"Nzuri, Dakta," akasema Siwema, ambaye mama yake alimfundisha adabu. "Na ada?"

"Ada unapewa! Yote! Anabeba Bi Hidaya kwenye mkoba, taslimu, unakabidhiwa getini baada ya kusindikizwa. Ila Kamati ya Usindikizaji ni watu, wanachoka, wana familia. Kwa hiyo kila kituo cha mapumziko wanapata kaposho kadogo. Kanatoka kwenye mkoba huo huo."

Siwema akachungulia dirishani. Kutoka ofisi ile mpaka getini, ukikohoa mlinzi anakupa pole.

"Hapo tu? Basi sawa," akasema. "Ijumaa asubuhi?"

"Ijumaa asubuhi," akasema Dakta Mazoea, na machozi yakamtoka upya.

Ijumaa Siwema alikuta Kamati imejipanga. Walikuwamo wahadhiri, maafisa, mshauri wa itifaki, na bendi ya matarumbeta. Kulikuwa na bango refu: KWAHERI MPENDWA WETU SIWEMA, PENGO LAKO HALIZIBIKI. Na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuondoka kwa utaratibu tangu sera iandikwe, Televisheni ya Taifa ilimleta mwandishi wake, binti mmoja anaitwa Chiku, arushe tukio lote moja kwa moja.

"Mzigo unao?" akauliza mshauri wa itifaki.

"Sina. Nina mtoto tu."

"Mtoto wa mgongoni ni mzigo," akaandika. "Mzigo una posho yake."

Matarumbeta yakalia, msafara ukaondoka. Siwema akapinda kushoto, kuelekea getini. Kamati nzima ikapinda kulia.

"Dakta, geti si hili hapa?"

"Ah, mama! Unataka tukupitishe hapo mkato, kama tunakufukuza? Majirani watasemaje?"

Wakazunguka. Kituo cha kwanza kilikuwa Nguzo ya Maarifa, ambayo bado ni shimo. Kamati ikakaa, ikapumua, ikanyoosha mikono. Bi Hidaya akafungua zipu ya mkoba, akagawa posho, akafunga, akautikisa mkoba kidogo karibu na sikio la Siwema ili asikie umebaki vipi. Alikuwa mwanamke muwazi.

Kituo cha pili kantini. Soda kwa wote. Kituo cha tatu uwanja wa mpira, ambako waliuzunguka mara mbili kwa sababu Chiku alisema picha ya kwanza ilikuwa na giza. Kituo cha nne Bwawa la Samaki, ambalo lina bajeti lakini halina maji. Hapo Dakta Mazoea alitoa hotuba juu ya uchungu wa kuagana, na mpiga tarumbeta mkubwa akalia kweli, akapewa posho ya majonzi.

Kila kituo mkoba ulikuwa unapungua kama unga wakati wa wageni. Siwema hakuwa anasikiliza tena hotuba. Alikuwa anamwona mama yake, amekaa mlangoni na uzi mkononi, hana cha kushonea. Alikuwa anamwona Mwalimu Kijazi anatazama barabarani, halafu anainua simu.

"Bi Hidaya," akanong'ona, "imebaki kiasi gani?"

"Mwanangu, usiulize. Tukifika getini utapata ya nauli. Tukienda haraka, na ya maandazi."

Walifika getini jua limepita utosini. Mlinzi akafungua. Kamati ikajipanga mistari miwili, Dakta akamshika Siwema mkono kwa mikono yake yote miwili. "Basi, mama, sisi tunaishia hapa. Ufike salama. Utusalimie nyumbani."

Siwema akautazama mkoba, mwembamba kama kiatu kilichokanyagwa. Akamtazama Dakta. Akawatazama wale watu wote, wamechoka, wamevimba miguu, wako mbali na ofisi yao. Na ulimi wake, wenyewe, bila kutumwa, ukasema lile analosema kila mtu wa nchi ile anayesindikizwa na watu waungwana:

"Jamani, mmenifikisha mbali sana. Haya, na mimi niwarudishe kidogo."

Mpiga tarumbeta mkubwa akashusha tarumbeta lake.

Lazima nieleze hapa, kwa ajili ya msikilizaji wa ugenini. Katika nchi ile mtu anaweza kukataa wito wa mahakama. Anaweza kumkataa ndugu yake wa tumbo moja wakati wa uchaguzi. Lakini uliyemsindikiza akisema nikurudishe kidogo, huwezi kukataa. Ukikataa umemwambia kwamba tangu mwanzo ulikuwa unahakikisha tu anaondoka.

"Hapana, mama, usijisumbue," akasema Dakta Mazoea. "Una mtoto."

"Hasumbuki mtu, Dakta. Tunapiga stori."

"Jua kali."

"Tutapita kivulini. Tupite njia ile ile, kuna vivuli vingi."

Simu ya Dakta ikalia. Ilikuwa ni Waziri mwenyewe, na alikuwa na sauti inayosikika hata ukiizima. "Mazoea! Naangalia hapa na mke wangu! Unamkatalia mama mwenye mtoto mchanga asikurudishe? Mbele ya taifa? Umelelewa wapi?"

"Tunakwenda, Mheshimiwa! Ndiyo tulikuwa tunageuka!"

Wakageuka. Siwema mbele, mtoto mgongoni, Kamati nyuma kama kuku wa jirani. Walipofika Bwawa la Samaki wakakaa chini, na kwa mazoea tu, kila mmoja akanyoosha mkono. Bi Hidaya akashika zipu. Hapo Chiku wa televisheni, msichana asiye na baya lolote, akamsogezea Dakta kipaza sauti.

"Dakta, watazamaji wanauliza. Sasa hivi anayesindikiza ni Siwema. Nani anamlipa nani?"

Dakta Mazoea alikuwa hajawahi kuulizwa swali kuhusu sera yake. Alikuwa amelisubiri kwa miaka. Akasimama, akafunga vifungo, akaitazama kamera.

"Swali zuri sana. Nashukuru. Wapo wanaodhani sera zetu zina matundu. Nataka niwahakikishie wananchi kwamba sera hii niliiandika mwenyewe na haina tundu hata la kupitisha sindano. Kanuni ni moja, haiangalii sura: anayesindikizwa ndiye..."

Mdomo ulibaki wazi, neno limekaa mlangoni.

"Ndiye...?" akasaidia Chiku.

"...ndiye anayelipa," akasema Dakta, kwa sauti ya mtu aliyekanyaga msumari lakini yuko kanisani.

"Ooh!" akasema mpiga tarumbeta mkubwa.

Simu ikalia. "Safi sana, Mazoea!" akanguruma Waziri. "Hiyo ndiyo sera! Lipeni!"

Wakalipa. Wote. Bi Hidaya alizunguka na mkoba mdomo wazi, kama sadaka. Mpiga tarumbeta mkubwa alirudisha posho ya majonzi, na safari hii majonzi yakawa ya kweli. Mshauri wa itifaki akauliza kwa unyonge kama mzigo nao unalipwa.

"Mzigo gani?" akasema Siwema. "Huyu anawasindikiza. Mwone, amewatazama njia nzima."

Kweli, Riziki alikuwa amewatolea macho juu ya bega la mama yake, anawachekea kwa meno mawili. Wakamlipa na yeye.

Uwanja wa mpira wakauzunguka mara mbili, kwa sababu Siwema alisema haki iwe haki. Kantini hela za soda hazikurudi, soda ilishanyweka, lakini mhadhiri mmoja alirudisha chupa. Kwenye Nguzo ya Maarifa watu walikopeshana wao kwa wao. Na walipofika mlangoni pa Idara ya Wanaoondoka, mkoba ulikuwa umejaa tena, karibu kabisa kama asubuhi, na Bi Hidaya aliubeba kwa mikono miwili.

"Haya, Dakta, mmefika nyumbani," akasema Siwema. "Ahsanteni kwa kampani."

Bi Hidaya akamkabidhi mkoba. Siwema akaufunga kiunoni kwa ncha ya kanga. Jua lilikuwa linaelekea huko linakoelekea kila jioni, na Mwalimu Kijazi alikuwa bado mlangoni, hajui.

Lakini Dakta Mazoea hakuwa mtu wa kushindwa na ukarimu. Alivuta pumzi. Akanyoosha koti lake la maziwa ya mgando. Macho yake yakaanza kung'aa.

"Mama, umetutendea wema mkubwa. Na sisi si watu wa ovyo. Tukuache uende peke yako? Aa-aa. Bendi! Bango! Tunamsindikiza tena!"

Kamati ikaruka kwa furaha. Matarumbeta yakainuliwa. Siwema aliiona siku yote hiyo imejipanga mbele yake upya, bwawa, uwanja, kantini, shimo, kwenda na kurudi, hadi Ijumaa iishe na nyingine ije.

Mwenye la kusema alikuwa Riziki. Alikunja uso. Akawa mwekundu. Akashika nywele za mama yake kwa ngumi mbili, akasukuma, na ukasikika mlio ambao matarumbeta yote ya Kamati yasingeweza kuutoa. Kisha ikaja harufu.

Mstari wa kwanza ukarudi nyuma. Mstari wa pili ukarudi ndani ya ofisi.

"Mama," akasema Dakta Mazoea, kitambaa puani, "mtoto..."

"Nimesikia, Dakta. Nitoke mara moja nikambadilishe nepi?"

"Nenda, nenda, mama! Haraka! Nenda mbali! Sisi tunakusubiri hapa hapa."

Hakuna kamati, hata ya nchi ile, inayomsindikiza mtoto aliyejichafua. Siwema alikwenda. Alipita njia ya mkato, ile ya kukohoa na kupewa pole. Mlinzi akashika pua kwa mkono mmoja akafungua geti kwa mwingine. Na nje, kwenye benchi la muuza vocha, alimbadilisha mwanawe taratibu, akampangusa, akambusu kwenye nyayo zote mbili, akasema, "Ahsante, mama yangu."

Kule chuoni Kamati inasubiri mpaka leo. Ina posho ya kusubiri. Wiki iliyopita Waziri aliliambia Bunge, na wabunge wakapiga meza, kwamba tangu sera ianze kutumika hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeacha masomo katika Chuo Kikuu cha Taifa. Yuko mmoja tu aliyetoka kidogo kumbadilisha mtoto nepi, na anatarajiwa muda wowote. Dakta Mazoea amependekezwa kupewa nishani.

Na jioni ile ile ya Ijumaa, katika darasa la shule ya msingi lenye herufi kubwa ukutani na madawati madogo yanayowagusa watu wazima magotini, Mwalimu Kijazi alikuwa anaita majina. Simu ilikuwa mezani kwake, inalia, inalia, na yeye anaitazama. Bibi yake Riziki alikuwa bado hajafika kumchukua mjukuu. Mlango ukafunguka.

"Mama Riziki!" akasema Mwalimu, akaigeuza simu kifudifudi. "Nilishaanza kukata tamaa. Kaa, kaa. Siwema?"

Siwema akajibana kwenye dawati la mbele, mtoto mapajani, akavuta pumzi ya kwanza tangu asubuhi.

"Nipo, Mwalimu," akasema. "Tupo wawili."